Nelson alivyofundwa na mafungu ya Thames

Horatio Nelson, aliyekuja kuwa admirali mashuhuri wa Uingereza, aliandikishwa kwenye manowari Raisonnable tarehe 1 Januari 1771, akiwa na miaka 12. Nahodha alikuwa mjomba wake, Maurice Suckling. Wengi huishia hapo: kijana alibebwa. Alibebwa kweli, lakini linalostahili kuchambuliwa ni jinsi mjomba alivyompangia kazi.

Suckling alihamishiwa Triumph, manowari ya mizinga 74 iliyolinda mlango wa mto Thames. Meli isiyong'oa nanga haimfundishi mtoto ubaharia. Basi akamtia kwenye meli ya biashara iendayo visiwa vya Karibi, ambako mabaharia ni wachache na hakuna pa kutegea. Kwa maelezo yake mwenyewe, Nelson alirudi mwaka 1772 akiwa baharia hodari anayelichukia jeshi la wanamaji.

Dawa ya mjomba haikuwa ukali. Alimpa sharti: akijitahidi katika hesabu za kuongoza chombo, ataruhusiwa kwenda na mashua za meli. Mashua hizo zilikwenda Chatham, Mnara wa London, na nje hadi North Foreland, katika maji yaliyojaa mafungu ya mchanga. Huko ilitupwa bildi, timazi ya kamba ya kupimia kina, iliyopakwa shahamu kitakoni. Kamba ilikupa kina, na mchanga au tope lililonata kwenye shahamu lilikwambia uko wapi. Uzuri wa mashua ni kwamba kosa lake ni dogo. Ikipanda fungu maji yakijaa, mara nyingi utasubiri tu yaendelee kujaa. (Yakiwa yanapwa, utasubiri zaidi.)

Mwaka 1773 alikwenda bahari ya barafu na Carcass, kisha akazunguka na Seahorse kutoka Bengal hadi Basra, mpaka homa ikamrudisha nyumbani nusu mfu. Tarehe 9 Aprili 1777 alifanya mtihani wa uluteni, ambao ulikuwa wa mdomo, mbele ya manahodha. Kanuni ilitaka miaka 6 ya utumishi na umri wa miaka 20. Yeye alikuwa na 18, na miongoni mwa watahini alikuwamo mjomba. Upendeleo huo siutetei, ila mtahiniwa alikuwa anaijua kazi.

Somo la mashua lilidaiwa Copenhagen mwaka 1801, Nelson alipowashambulia Wadenishi na marubani wakayaogopa mafungu. Usiku wa kuamkia vita vya tarehe 2 Aprili, nahodha Thomas Hardy alikwenda kwa mashua hadi karibu na manowari za Wadenishi akapima kina kwa upondo, kwani mlio wa bildi ikitua majini ungemfichua. Hata hivyo, manowari tatu zilikwama. Marubani waliamini maji marefu yako upande wa fungu la kati, kumbe yalikuwa upande wa adui.