Mguu wa Mulatu: utulivu wa jazi unavyoundwa

Mulatu of Ethiopia, albamu ambayo Mulatu Astatke aliitoa mwaka 1972 baada ya kuirekodi New York, husifiwa kwa utulivu. Lakini ukiisikiliza Shieywe, mjini Kakamega, kwa sikio lililolelewa na ngoma za isukuti, unagundua kwamba ngoma za albamu hiyo hazijalala: konga zinachapa mwendo. Utulivu huo basi unatoka wapi?

Kwanza, mizani, yaani skeli. Mulatu, mzaliwa wa Jimma aliyesomea Uingereza na baadaye Berklee, Boston, alijenga juu ya mizani za kwao: tizita, bati, ambasel na anchihoye, kila moja ikiwa na sauti tano. Jazi ya modali, iliyovuma kwa Kind of Blue ya Miles Davis mwaka 1959, nayo hutulia kwenye mizani moja kwa muda mrefu. Njia hizo mbili zinaoana kwa urahisi. Besi hurudia fungu fupi, na sikio halina haja ya kungojea mgeuko.

Pili, vibrafoni anayoipiga Mulatu. Ni vibao vya chuma juu ya mabomba ya mwangwi, na visahani vinavyozungushwa na mota ndivyo huitetemesha sauti. Mguu ukikanyaga pedali, sauti hubaki ikielea; ukiachia, hukatika. Katika tizita ya do, re, mi, sol, la hakuna nusutoni, hivyo sauti zote tano zaweza kulia pamoja bila ugomvi. Shusha mi na la kwa nusutoni, upate tizita ya huzuni, na mambo hubadilika: re inagusana na mi, nayo sol inagusana na la. Mguu ukichelewa, sauti zinavurugika. Hapo mpigaji hulazimika kupiga kidogo na kuacha nafasi.

Tatu, mgawanyo wa kazi. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hutegemea ngoma tatu zinazopishana, si ngoma moja inayofanya yote. Mulatu naye ameziachia konga na besi mwendo, vibrafoni ikabaki na rangi.

Kwa hiyo bendi ya Kakamega inayotaka jazi tulivu isianze kwa kupunguza kasi ya isukuti. Ngoma ziachwe zichape. Kinachopunguzwa ni sauti zinazopigwa juu yazo.