Nilivunja chupa bila kuiangalia

Ile picha yangu ya birika na chupa muliyoipongeza hapa wiki iliyopita, mimi mwenyewe naikataa. Nilichora chupa ya kawaida, kisha nikatwaa rula na kuikata pembetatu pembetatu, nikasema: njo kubisme hii. Hapana.

Muangalie « Violon et palette » ya Georges Braque, ya mwaka 1909. Violoni imevunjika, ndiyo, lakini vipande vyake vinatoka kwa jicho lililohama: mbele, kando, juu. Rangi ni chache, kahawia, kijivu na kijani, ili tufuate maumbo. Na kule juu kuna musumari mumoja, muzima, pamoja na kivuli chake. Ule musumari unatuambia kama Braque alijua kuchora kawaida, kuvunja alikuchagua.

Mimi sikuizunguka meza hata mara moja. Nilikata kitu ambacho sikukiona. Sasa nimeanza tena: birika lile lile, kutoka pande ine, bila rula. Safari hii, musiniandikie « bravo » mbele ya kuniuliza: ulisimama wapi?