Cèilidh, Mòd na Fèis: sikukuu za visiwa vya Uskoti zimeokoa nini?

Katika kijitabu hiki tumezoea kuzungumuza juu ya desturi za kwetu. Mara hii tunaenda mbali, mu Uskoti, ile inchi tunayoita Ecosse tukisema Kifaransa. Tunaenda kule kwa sababu watu wa visiwa vya mangaribi ya inchi ile wamejaribu, tangu zaidi ya myaka mia moja, njia mbalimbali za kuokoa nyimbo, michezo na lugha yao. Njia hizo zimeandikwa, na matunda yao yanaonekana. Kwa hiyo tunaweza kuzipima. Tutapima tatu: Mòd, Fèis na Ceòlas.

Tunasema mara moja mawazo yetu. Fèis ilifanya vizuri kupita Mòd, kwa sababu iliuliza ni nani atamufundisha mutoto. Lakini kuko ulizo lingine lenye hata Fèis haiwezi kujibu peke yake: yule mutoto akirudi nyumbani na violoni yake, ataongea lugha gani na mama yake?

Mbele ya sikukuu

Watu wa visiwa hivyo walikuwa wakulima wadogo na wavuvi. Lugha ya mababu yao ni Kigaeli, ndugu ya lugha ya Irlande, na haifanane na Kingereza hata kidogo. Katika lugha hiyo kuko neno cèilidh. Maana yake ya kwanza ni kutembelea. Wakati wa baridi usiku ni murefu sana kule. Jirani aliingia kwa jirani bila kuitwa, wakaketi pembeni ya moto, mumoja akaleta habari, mwengine hadisi, mwengine wimbo. Hakukuwa podium wala mulango wa kulipia. Yeyote mwenye amekaa kwenye baraza ya jioni mu kijiji anaelewa jambo hilo upesi.

Leo neno lile lile linatangaza usiku wa dansi na orkestra, mara mingi kwa tiketi, hata mu miji mikubwa. Hatusemi ni vibaya. Watu wanacheza, wanatoka jasho, wanafurahi pamoja, wazee na vijana. Tunaonyesha tu kama neno limebaki, lakini kitu chenyewe kimehama: kimetoka mu nyumba, kimeingia mu salle.

Mufano mwingine ni nyimbo za kukaza nguo. Nguo ya manyoya ya kondoo ikitoka kwa mufumaji iko legevu. Wamama waliilowesha mu mukojo wenye ulilala siku mingi, kisha wakaketi kuzunguka meza ndefu, wakaipiga na kuipitisha mukono kwa mukono mpaka ikaze. Mama mumoja aliimba mustari, wengine wakaitika na sauti zenye hazina maana ya neno, lakini kila wimbo uko na sauti zake, na hauwezi kuzichanganya na za wimbo mwingine. Katika nyimbo hizo waliweka mapenzi, vita, wenye walikufa ku bahari, hata kuwachekelea vijana wa kijiji na wachumba wao. Wimbo ulikuwa kipimo cha kazi.

Kazi yenyewe ilimalizika karibu na katikati ya karne ya 20. Sasa wamama wanaketi ku meza mbele ya watazamaji na kupiga nguo yenye hakuna mutu anaingojea. Kuko wenye wanacheka onyesho hilo. Sisi hatulicheki, maana ule wimbo hauingie mu mwili bila mikono kufanya kazi. Lakini tunatia tofauti moja. Pale wageni wanaitwa waketi, washike nguo na kuitika, wimbo unapata tena sababu yake, hata kama ni kwa dakika kumi. Pale wageni wanasimama paka kupiga picha, onyesho limekuwa sanduku la kioo mu musée.

Mòd: heshima na pointi

Mu 1872 sheria mupya ya masomo ilipita mu Uskoti, na haikutia nafasi yoyote kwa Kigaeli. Watoto walisoma mu Kingereza, na mu masomo fulani walipata azabu wakiongea lugha ya nyumbani. Sisi wenye tunakumbuka hadisi za wazee wetu juu ya masomo ya wakati wa Wabelgiji hatutashangaa.

Mu 1891 shirika moja, An Comunn Gàidhealach, lilianzishwa mu Oban, na mu 1892 likafanya Mòd ya kwanza katika muji ule ule. Mòd ni mashindano: waimbaji, korali, wasimulizi wa mashairi, na kwa washindi wakubwa medali ya zahabu. Inaendelea mpaka leo, kila mwaka mu mwezi wa kumi, na inahama toka muji mumoja kwenda mwingine.

Tuseme mazuri yake kwanza. Lugha yenye ilizarauliwa mu masomo ilipandishwa kwenye jukwaa, ikavaa nguo ya sikukuu. Hiyo haiko kitu kidogo. Lakini mashindano yanabadilisha kile chenye yanapima. Mwamuzi anataka sauti safi, mutu asimame wima, pointi za lugha upande mumoja, pointi za muziki upande mwingine. Korali za sauti ine hazikuwa desturi ya visiwa. Kule mutu mumoja aliongoza na wengine wakaitika kwa sauti moja. Na mu korali mingi kuko waimbaji wenye walikariri maneno bila kuweza kuongea lugha. Mama mwenye aliimba vizuri kupita wote ku meza ya nguo, na sauti yake ya kukwaruza, pengine hangepata pointi mingi.

Fèis: ulizo la mutoto

Barra ni kisiwa kidogo chenye watu wapata 1,200. Mu 1981 wazazi na watu wengine wa pale, pamoja na padri wa paroisse yao, waliona kama watoto hawafundishwi muziki wa kwao mu masomo, na kama wenye kuujua wanazeeka. Wakaanzisha Fèis ya kwanza. Neno fèis ni sikukuu, lakini sikukuu hiyo ilikuwa sawa masomo: watoto wanashinda siku mingi wakijifunza zumari yenye mufuko, violoni, kinubi, akordeoni, nyimbo, dansi, pamoja na watu wenye wanajua. Medali haikuwa njo shabaha.

Jambo hilo likaenea. Mu 1988 wakaunda Fèisean nan Gàidheal, shirika la kuziunganisha, na leo kuko fèis zaidi ya 40. Wapiga muziki wengi wa Uskoti wenye tunasikia leo walianzia pale, wakiwa watoto.

Ndiyo sababu tunaiweka Fèis juu ya Mòd. Haikungojea mutoto awe amekwisha kujua kusudi imupime. Ilimupatia chombo na mwalimu. Tena ilirudisha ujuzi mu kijiji chenyewe. Kijana hakulazimika kwenda mu muji mukubwa kutafuta kitu cha babu yake.

Ni kweli, mbele ya Fèis watu wa masomo makubwa walikuwa wamekwisha kurekodi wazee. Chuo cha Edinburgh kilianzisha School of Scottish Studies mu 1951, na wakusanyaji sawa vile Calum Maclean na Hamish Henderson wakaenda na mashine mpaka mu nyumba za watu. Pale Vatersay, kisiwa cha pembeni ya Barra, Nan MacKinnon aliwaimbia mamia ya nyimbo, zenye mingi alizipokea kwa mama yake. Tangu 2010 maelfu ya sauti hizo ziko mu intaneti, ku Tobar an Dualchais, na kila mutu anaweza kuzisikiliza. Ni hazina. Lakini ukisikiliza, unasikia pia kitu kimoja: yule mama haimbi kwa ajili ya archives. Anaimba sawa vile anaongea. Wimbo na mazungumuzo viko mu kinywa kimoja.

Hesabu yenye kuumiza

Hapo njo tunafika ku shida yenyewe. Mu hesabu ya watu ya 2022, wenye kuongea Kigaeli mu Uskoti walipita 69,000. Mu 2011 walikuwa wapata 57,000. Mutu anaweza kupiga mikono. Lakini angalia visiwa vya mangaribi, nyumba ya lugha ile: mu 2011 zaidi ya nusu ya watu waliiongea, mu 2022 wakashuka chini ya nusu. Lugha inaongezeka mu masomo ya miji, inapunguka pale ilipozaliwa. Na mu 2020 watafiti wenye walichunguza vijiji hivyo waliandika kama, bila mabadiliko, Kigaeli kingeweza kuacha kuwa lugha ya kila siku ya kijiji ndani ya myaka kumi.

Sasa weka hesabu hizo pembeni ya myaka ya Fèis. Tangu 1981 watoto wengi sana walijifunza violoni, na katika wakati ule ule lugha ilitoka mu jiko. Hatusemi Fèis njo iliitosha. Kazi chache, vijana kuhama, nyumba zenye zinanunuliwa na wageni, televizyo, hayo yote yako na nguvu kupita sikukuu ya juma moja. Tena shirika lenyewe linasukuma walimu wafundishe mu Kigaeli. Lakini violoni inaweza kufundishwa mu Kingereza, na mara mingi inafundishwa hivyo. Basi muziki uliokoka kwa sababu unaweza kutembea bila lugha. Ushindi huo uko na bei yake.

Ceòlas, yenye ilianza mu 1996 mu South Uist, ilielewa jambo hilo mapema. Kwa juma moja wanaunganisha zumari, violoni, wimbo, dansi na lugha, na kuonyesha namna kimoja kinashikilia kingine: mupiga zumari anapiga kwa mwendo wa miguu ya muchezaji, violoni inafuata maneno ya wimbo. Wanaita pia watu wa Cape Breton, mu Canada, pale watu wa visiwa walihamia karne ya 18 na ya 19, na pale dansi ya hatua ilibaki kucheza mu majiko. Jioni wanafunzi wanaenda mu nyumba za watu, na cèilidh inapata tena maana yake ya kwanza. Kwa mawazo yetu, hiyo njo mufano bora kati ya tatu. Kizuizi ni kimoja: juma linaisha, wageni wanapanda mashua.

Juu yetu sisi

Uingereza, yenye Uskoti iko ndani yake, iliingia paka mu 2024 katika mapatano ya UNESCO ya 2003 juu ya urizi usioshikika kwa mukono. Rumba yetu ya Kongo ilikuwa imekwisha kuandikwa pale mu 2021, na tulifurahi sana. Basi tuko mu mapatano moja na ulizo moja.

Kwa hiyo tunaomba makomite yetu, kila mara wanatayarisha sikukuu ya desturi, wasihesabu tu ngoma ngapi zilipigwa na wakubwa gani walikuja. Waulize: watoto walifundishwa mu lugha gani? Nani aliwaalika nyumbani kwake jioni? Na kisha miezi sita, je, ule wimbo unaimbwa bado na mutu mwenye hakuna anayemutazama?