Saidia Fundi: Insha ya Kusifu Ukarabati wa Nyumba ya Mawe

Katika miji ya kale ya Pwani ya Afrika Mashariki sifa ya nyumba humwendea mjenzi, na baada yake mchongaji wa mlango, ilhali yule aliyeuzuia ukuta usianguke miaka mia baada ya kujengwa hatajwi, kwa kuwa kazi yake ikifanywa vizuri haionekani. Hata hivyo nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na zile za Mji Mkongwe wa Unguja, uliotangulia kwa mwaka mmoja, hazisimami kwa nguvu za wajenzi wake wa kwanza peke yao. Zimesimama kwa sababu kila kizazi kilizirudia, kama jahazi linavyopandishwa pwani likalafatiwe kabla ya msimu. Kazi hiyo ya kurudia ndiyo inayoitwa ukarabati, nayo ni sanaa yenye sharti moja la ajabu: fundi wake, hata awe stadi kiasi gani, hawezi kuimaliza bila ya kuzungukwa na watu ambao si mafundi.

Sababu ya sharti hilo imo katika vitu vilivyojengea nyumba yenyewe. Ukuta wa nyumba ya mawe, ambao unene wake hufika nusu mita na zaidi, umejengwa kwa matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na viumbe wadogo wa baharini ambao mabaki yao yalishikana yakawa miamba. Kwa nyumba za Lamu mawe hayo hukatwa Maweni, katika kisiwa cha Manda, yakavushwa kwa vyombo na kupandishwa vichochoroni juu ya migongo ya punda, maana vichochoro vya mji huo havipitishi gari. Juu ya kuta hulazwa boriti, ambazo ni miti ya mikoko iliyonyooka. Wenye kuiuza miti hiyo huipanga kwa unene, wakianza na fito, kisha pau, mazio, boriti, nguzo na banaa, na kila jina lina mahali pake katika jengo. Urefu wa boriti inayoweza kubeba dari nzito ndio uliopima upana wa vyumba, ambao kwa kawaida hauzidi mita 3 hivi, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za Lamu ni virefu na vyembamba. Ndivyo vilivyo pia vyumba vya nyumba nyingi za kale za Oman na za Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea, ambako majahazi yalipeleka shehena za boriti kwa karne nyingi mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Aliyelala chali Maskati na aliyelala chali Lamu walikuwa, kwa maana hiyo, wakitazama dari moja.

Kinachoyashikanisha mawe hayo ni chokaa, na hapo ndipo panapostahili kukaliwa kidogo. Vipande vya matumbawe hupangwa juu ya magogo yaliyorundikwa kwa duara, moto ukawashwa, na joto linapokaribia nyuzi 900 za Selsiasi jiwe huiachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, likabaki jepesi na lenye kiu. Likimwagiwa maji huchemka, hufoka mvuke na kusambaratika kuwa uji mweupe, ambao huachwa shimoni kwa wiki kadhaa, au kwa miezi, mpaka ulainike kama siagi. Ukishapakwa ukutani, uji huo huanza kuivuta kutoka angani hewa ile ile ambayo jiwe liliitoa motoni, kidogo kidogo, hata ukawa jiwe tena. Kwa hiyo ukuta uliopigwa lipu ya chokaa ni mwamba uliovunjwa, ukachomwa, ukaloweshwa, kisha ukafundishwa upya kuwa mwamba. Somo hilo haliharakishwi. Lipu ikikauka upesi kwa jua hupasuka, hivyo hutakiwa kunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa magunia, na tabaka la pili haliwekwi mpaka la kwanza lishike sawasawa.

Saruji hutokana na jiwe la jamaa hiyo hiyo, na kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilichoanza kuzalisha mwaka 1954, kilichimba matumbawe yale yale ya pwani. Ila jiwe la saruji huchanganywa na vitu vyenye asili ya udongo na kuchomwa kwa joto linalofika nyuzi 1,450, na zao lake hushika kwa muda wa saa chache tu na kuwa gumu kuliko tumbawe linalofunikwa nalo. Katika nyumba mpya ugumu huo ni neema. Katika nyumba kuukuu ni maradhi, kwa sababu ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa yenye vitundu visivyoonekana, na ukishavishwa koti la saruji unyevu hukosa njia, chumvi ya bahari hujikusanya nyuma ya koti hilo, na jiwe humung'unyoka kimyakimya huku uso wa nje ukionekana safi. Mwenye nyumba hufurahi kwa miaka michache, kisha siku moja bamba zima la lipu huanguka likiwa limeshikana na nusu ya ukuta.

Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta imesemwa mara nyingi mno majukwaani, na labda ndiyo sababu hakuna anayeiuliza fundi anaionaje. Fundi wa nyumba za mawe hukubaliana nayo kwa shingo upande, kwani ufa kwake ni maneno ya nyumba, na mwenye kuuziba kabla ya kuusikiliza amemfunga mgonjwa mdomo. Huutazama kwanza unakoelekea: ukianzia kwenye pembe ya dirisha, huenda mti wa juu ya dirisha umeoza, ukishuka wima mahali kuta mbili zinapokutana, huenda msingi wa upande mmoja umezama kwa maji ya mfereji uliovunjika, ukifuata mstari wa dari, basi vichwa vya boriti, vilivyochomekwa ndani ya ukuta mahali ambapo macho hayafiki, vimeingiwa na mchwa au vimelowa mvua miaka mingi. Hugonga ukuta kwa mpini wa nyundo na kusikiliza panapojibu kwa mlio mzito na panapojibu kama debe tupu. Baada ya hapo ndipo dari husimamishiwa gadi, yaani miti ya kuegemeza, ambalo ni neno lile lile la mabaharia wanapokiegemeza chombo kilichopandishwa mchangani, na boriti hubadilishwa moja baada ya nyingine, kamwe si zote kwa pamoja, ili nyumba isije ikahisi kwamba imeachwa.

Kabla ya gadi ya kwanza kusimamishwa, hata hivyo, kuna kazi isiyo na vumbi ambayo mara nyingi ni ngumu kuliko zote. Nyumba kuukuu ya Pwani aghalabu ni mali ya mirathi, maana yake ni urithi uliogawanywa kwa mafungu ya kisheria, na baada ya vizazi vitatu fungu la mtu mmoja huweza kuwa dogo kuliko kizingiti, huku warithi wakiwa wametawanyika Mombasa, Dar es Salaam, Maskati na Toronto. Wengine hutaka kuuza, wengine huona haya kuuza, na nyumba huendelea kuvuja katikati ya pande hizo mbili. Katika Lamu ya zamani mzazi mwenye uwezo alimjengea binti yake mahali pa kuishi alipoolewa, aghalabu kwa kuongeza ghorofa juu ya nyumba aliyokuwa nayo au kwa kutandaza chumba juu ya kichochoro, kinachoitwa wikio, ili mama na mwana waendeane bila ya kutoka nje. Kwa hiyo hata umbo la nyumba ni nasaba iliyoandikwa kwa mawe, na anayeikarabati hulazimika kuwasoma jamaa kabla ya kuusoma ukuta. Simu za kuchangishana, ujumbe wa sauti usiku wa manane, shangazi ambaye hakubali jambo lolote mpaka aulizwe wa kwanza: hayo nayo ni sehemu ya ufundi, ingawa hayana zana.

Wakikubaliana, huja. Lugha ya waashi ina jina linalowafaa hao wanaokuja, nalo ni saidia fundi, jina lililoundwa na kitenzi na nomino bila ya pambo, likiwa na maana ya mtu anayechanganya, anayebeba na anayepokeza, asiyeshika mwiko mpaka apewe. Kwenye kazi ya kulipwa, saidia fundi ni kibarua wa daraja la chini. Kwenye nyumba ya ukoo, jina hilo humshukia kila mtu, kwa muda, bila ya kujali cheo: karani wa benki hupokezana makarai ya kifusi na mvuvi, mwalimu mkuu huchekecha mchanga, na kijana aliyekuja na glavu mpya huelekezwa ashike mwisho wa uzi wa timazi na asiseme neno. Amri hutoka kwa fundi, ambaye pengine ni mdogo kwa umri kuliko wote, na wazee humwita "fundi" kwa heshima ambayo hawampi mwanasheria. Ni saa chache katika maisha ya jamaa ambapo ujuzi hutangulia umri na mali, na huenda hamu ya saa hizo ndiyo inayowaleta watu kuliko mapenzi yao kwa nyumba.

Kilele cha ushirika huo kilikuwa kupiga sakafu. Sakafu ya nyumba ya mawe, ambayo ndiyo dari ya chumba cha chini, hutengenezwa kwa kulaza mawe bapa juu ya boriti, kisha kumwaga zege la kokoto za matumbawe na chokaa, na zege hilo, kwa kuwa halina haraka ya saruji, lilihitaji kupondwa kwa vibao vya mkono kwa siku kadhaa mfululizo, watu wakiwa wamekaa au wamechutama kwa safu, mpaka maji yatoke na uso ushikamane usipitishe mvua. Hakuna mkono mmoja unaoweza kustahimili kazi hiyo bila ya mdundo, kwa hiyo iliimbwa, na waimbaji wake wengi Unguja walikuwa wanawake. Uaminifu unadai isemwe kwamba safu hizo hazikuwa za hiari siku zote, kwa kuwa nyumba nyingi za fahari za karne ya 18 na ya 19 ziliinuliwa kwa mikono ya watumwa, na anayeusifu ufundi wa nyumba hizo bila ya kuwakumbuka anasifu nusu tu ya ukuta. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, nyumba zilibaki na njaa ile ile ya mikono, na njaa hiyo ilibidi ishibishwe kwa ujira, au kwa udugu na deni la kusaidiana.

Deni hilo halikuwa jambo geni, kwani wenye nyumba za miti na udongo, ambao ndio wengi Pwani na bara yake, walikuwa wamelizoea katika kukandika, yaani kujaza udongo uliokanyagwa katikati ya fito za ukuta, kazi ambayo majirani huifanya kwa siku moja, wengine wakiteka maji na wengine wakikanyaga, na malipo yake ni sufuria la wali na ahadi ya kwenda kwa mwenzako zamu yake itakapofika. Ahadi hiyo haiandikwi, lakini asiyeitimiza hukandika peke yake.

Si kila msaada ni msaada, na sifa zisiwe upofu. Binamu aliyewahi kufanya kazi ya kuchomelea mageti hudhani amekwisha kuwa mwashi, na rafiki mwenye moyo mzuri huweza kuondoa gadi kwa kuwa imemzibia njia. Wapo pia wanaoleta saruji usiku ili kumaliza mapema, wakidhani wamefanya wema. Tena ushirika peke yake hauwezi kuibeba kila nyumba: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Unguja lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, ilianguka pamoja na mnara wake, huku jengo likiwa katika ukarabati, na jengo la ukubwa huo hutaka wahandisi, bajeti na miaka. Katika Shela, kijiji kilicho karibu na mji wa Lamu, wageni walionunua nyumba kuukuu wamewapa mafundi wa chokaa na wachonga zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kazi ambayo bila wao isingekuwapo, na kwa hilo wanastahili shukrani. Lakini nyumba iliyokarabatiwa na watu wa kulipwa tu hurudi kuwa nzuri pasipo kurudi kuwa ya mtu, kwa kuwa hakuna mtoto wa mtaani anayeweza kuonyesha jiwe na kusema kwamba hilo alilipokeza yeye.

Nyumba ya ukoo huzijaza kuta zake madai ya namna hiyo. Siku ya mwisho, kifusi kikiwa kimekwisha kuondolewa na ukuta ukisubiri kukauka kabla ya kupakwa chokaa nyepesi ya kung'arisha, husomwa dua, sahani za tende hupitishwa, na mabishano huanza kuhusu nani aliyeichomeka boriti ya tatu kutoka mlangoni na nani aliyeitia nje ya mstari kwa upana wa kidole. Fundi hayaingilii mabishano hayo. Huwa yuko uani, akiisawazisha kwa mwiko chokaa iliyobaki shimoni, ambayo haiharibiki kwa miaka ilimradi isikauke. Huimwagia maji mpaka yaifunike kwa kina cha kiganja, huweka mbao juu yake, kisha humwita mtoto mmojawapo wa nyumba ile na kumwonyesha ndoo.