Kijiti cha Pamba Kutoka Chitete

Kimelea cha kipindupindu hakipenyi ukuta wa utumbo. Hujibandika juu yake na kumwaga sumu. Sumu huzilazimisha seli zitoe chumvi, na maji hufuata. Sambhu Nath De alilionyesha hilo Calcutta mwaka 1959: alifunga vipande vya utumbo wa sungura, akavitia sumu hiyo, akavikuta vimejaa maji.

Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulizunguka Tanzania nzima. Kufikia mwanzoni mwa 2018 wagonjwa walikuwa wamepita 33,000, na waliofariki zaidi ya 500. Mlipuko kama huo hutoka wapi?

Kulijibu swali hilo huanza na kijiti cha pamba. Mhudumu hukichovya kwenye kinyesi cha mgonjwa kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, kisha hukitumbukiza katika kichupa chenye rojo la Cary-Blair. Rojo hilo lina chumvi lakini halina shibe, hivyo kimelea hubaki hai siku kadhaa bila kuzaliana sana, tena bila friji. Kwa zahanati ya Wilaya ya Momba hiyo ni neema kubwa: sampuli ya Chitete, wilayani humo, inaweza kufika maabara Mbeya ikiwa bado na la kusema.

Huko hupakwa kwenye sahani ya kijani ya kuoteshea vimelea, iitwayo TCBS. Kesho yake madoa ya njano hujitokeza, maana kimelea hiki huchachusha sukari. Tone la kingamwili likizigandisha chembe zake, kipindupindu cha aina ya O1 kimethibitika.

Vimelea vilivyohifadhiwa hivyo ndivyo vilivyosomwa vinasaba. Mwaka 2019 timu iliyomshirikisha François-Xavier Weill wa Institut Pasteur ilionyesha kwamba ukoo uliozuka Yemen mwaka 2016 ulitoka Asia Kusini na kupitia Afrika Mashariki kati ya 2013 na 2014. Bila vijiti vya pamba, njia hiyo isingejulikana.

Lakini vinasaba havitaji kisima. Hapo naliamini zaidi daftari la mhudumu, kwa kuwa ugonjwa hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku tano. “Mama, tangu Jumatatu maji ya kunywa mmechota wapi?” Akishaandika jibu, avuke ua, amuulize vilevile jirani ambaye hakuugua.