Posho ipi?

Mtu akishuka Busiu, kwenye barabara ya Mbale kwenda Tororo, akaomba ugali, ataletewa posho. Kitu ni kilekile: sisi wa Kongo tunasema bugali, wasema Luganda wanaita kawunga. Ila posho ndilo neno lenye historia. Mwanzoni halikuwa chakula fulani, lilikuwa mgao: kibaba cha nafaka alichopimiwa mpagazi wa msafara, baadaye askari wa KAR na kibarua wa shamba. Unga wa mahindi ulikuwa rahisi kupima na kubeba, basi mgao ukawa unga, unga ukawa kilicho sahanini. Ndiyo hiyo posho na maharage ya mashuleni.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Uganda wamelikosea neno. Wamelipika tu! Kule Dodoma wabunge wanalipwa posho, na hakuna anayefikiria ugali.

Ndugu zetu wa mashirika, mkiandika "posho" kwenye tangazo, semeni ipi. Wengi wetu siku hizi tunapokea pesa badala ya unga: tunapewa posho ya Dodoma, tunaenda sokoni kutafuta posho ya Busiu, na bei ikipanda, ile ya kwanza hainunui ile ya pili.