Stelingi Hafi, Lakini Humlae Alikufa

Muvi ya kwanza ya Thailand niliyowahi kuona niliiona kwa Kiswahili, ndani ya kibanda cha mabati hapa Kitale, nikiwa darasa la sita. Kiingilio kilikuwa shilingi 10. Ilikuwa Ong-Bak ya mwaka 2003, kazi ya mwelekezi Prachya Pinkaew, ile iliyomfanya Tony Jaa ajulikane kote duniani. Jina la mwelekezi hatukulijua wala hatukulitaka. Tulichojua ni kwamba huyu stelingi hafungwi kamba wala hasaidiwi na kompyuta. Anaruka mwenyewe, na akikupiga goti la kichwa, umepigwa.

Aliyetupeleka Thailand ni DJ. Kama umekulia mitaa ya huku, hauhitaji kuelezwa: mtu anachukua filamu ya ng'ambo, anazungumza juu yake kwa Kiswahili na Sheng, na ghafla Wathai wanagombana kama makanga wa steji ya Kitale. DJ Afro ndiye anayejulikana zaidi Kenya. Ukivuka mpaka hadi Uganda utamkuta VJ Jingo akifanya hivyo kwa Kiganda. Flashi yetu ilikuwa na sauti ya DJ mwingine. Simtaji jina kwa sababu nina kesi naye.

Kesi yenyewe ni kuhusu Humlae.

Hadithi ni hivi. Katika kijiji cha Nong Pradu, eneo la Isan, mwizi anakata kichwa cha sanamu ya Buddha ambayo kijiji kizima kinaitegemea. Kijana Ting anajitolea kukifuata hadi Bangkok. Wanakijiji, ambao hawana kitu, wanachanga walicho nacho na kumpa. Anapewa pia barua ya kumpelekea Humlae, mtoto wa kijiji aliyetangulia mjini. Humlae huyo sasa amepaka nywele rangi, anajiita George na anaishi kwa kutapeli watu. Ting akiingia tu bafuni, Humlae anachukua ule mchango, anakimbia nao hadi kwenye ulingo wa siri na kuuweka wote dau.

DJ alituambia huyo ni mchekeshaji. Tukacheka. Kusema haki, hakukosea sana, maana Petchtai Wongkamlao, anayeigiza Humlae, ni mchekeshaji mkubwa kwao. Lakini tulicheka, halafu tukamsahau. Tulikuwa tunangoja Ting apande ulingoni.

Miaka ikapita, nikaitwa chuo. Kwetu ni Bungoma, na kwetu mtu hapelekwi chuo na mzazi peke yake. Harambee ilifanyika nyuma ya nyumba ya kukhu. Khocha alikuwa na daftari, akisoma jina na kiasi, jina na kiasi: huyu 200, huyu 50, huyu ameahidi. Kuku mmoja alipigwa mnada, akanunuliwa, akarudishwa, akapigwa mnada tena. Nilipewa pesa mbele ya watu wote nikaambiwa nisiwaangushe.

Mwaka wa pili, karo ya muhula mzima ikiwa kwenye simu yangu, nilianza kubeti. Mechi tatu, halafu tano, halafu mkeka wa timu kumi na mbili. Sina hadithi ndefu ya kueleza. Ililiwa kwa siku tisa. Sikurudi darasani, na nyumbani nikasema nimeahirisha.

Marafiki waliojua niliacha chuo walinitumia 3 Idiots, ile ya Kihindi ya 2009 yenye Aamir Khan, eti itanitia moyo. Ni filamu tamu, ila Rancho hakuacha chuo. Alimaliza akiwa wa kwanza. Filamu ile inamfariji mwenye kipaji ambacho shule haikukiona. Mimi shule ilinitendea sawa kabisa.

Mwaka jana, usiku mmoja kwenye chumba changu cha kukodi hapa Kitale, nilitafuta Ong-Bak nikaitazama kwenye simu bila DJ, nikisoma maandishi ya chini. Ilipofika sehemu ya bafuni, nilisimamisha. Nilijua sura ile. Ni sura ya mtu anayejiambia kwamba atairudisha kabla mwenyewe hajatoka kuoga.

Halafu nikafika mwisho. Humlae anapondwa akikikinga kile kichwa cha Ong-Bak kwa mwili wake. Kibandani, wakati huu DJ alikuwa anatuma salamu kwa watu wa boda. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi sikujua Humlae alisema nini akikata roho. Anamkabidhi Ting kichwa, kisha anamwomba amwangalie Muay, yule msichana waliyekuwa wakihangaika naye mjini, ahakikishe amemaliza chuo.

Niliweka simu chini.

Kwa hivyo kesi yangu na DJ ni hiyo: alituachia mabega ya Ting na kutunyima neno la mwisho la Humlae. Lakini nina kesi nyingine, na filamu yenyewe. Ting anarudi kijijini amekuwa mtawa, juu ya ndovu, watu wakishangilia. Humlae naye anarudi, ila ni majivu tu. Filamu inamsamehe aliyekula mchango, kwa sharti kwamba afe. Haijui kabisa la kufanya na mtu kama huyo akirudi akiwa mzima, ana njaa, na mwenye daftari bado yupo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu, nikapita Kiminini na Kamukuywa hadi nyumbani. Kukhu alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimwambia yote, hata ile idadi ya siku. Hakupiga nduru. Mikono yake iliendelea kufanya kazi kwa muda, halafu akasema, "Papa, yule kuku alikuwa wangu." Kisha akanisukumia gunzi la kwanza.

Tulipukuchua hadi giza likaingia. Khocha bado hajaniongelesha, na ana haki. Kila mwezi huwa natuma kitu kidogo, naye anakiandika kwenye daftari lile lile, jina na kiasi.

Itafuteni Ong-Bak. Iangalieni kwanza na DJ, maana hakuna raha kama ile. Halafu iangalieni tena bila yeye, na msimwangalie Ting.